Ukiwa mpangaji wa kwanza: kukagua apatimenti mpya Dar kabla hujatoa kodi

Mimi ni fundi vigae. Kama umepanga nyumba mpya Sinza, Mbezi Beach au Upanga miaka hii kumi ya karibuni, huenda umeshakanyaga kazi yangu bila kujua. Huwa naingia kwenye majengo kabla rangi haijapakwa, kwa hiyo najua kilichofukiwa chini ya sakafu, na najua nani alikuwa na haraka. Ndugu na marafiki wakitaka kupanga hunipigia simu, nami nafika na kimfuko changu: ndoo ndogo, gololi, sarafu ya mia tano, kipande cha sabuni ya mche na chaja ya simu. Madalali wakikiona wanacheka. Nawaacha wacheke.

Februari ilikuwa zamu ya dada yangu. Kahamishiwa Dar kutoka Mwanza, ofisi yao iko Kijitonyama, akapata apatimenti ya vyumba viwili Mikocheni, ghorofa ya tatu, kwenye jengo lililofunguliwa Desemba. Kodi Sh900,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita kwa mkupuo. Dalali alishamwimbia wimbo wao: "Dada, hii haifiki jioni." Dada akanipigia akiwa ameshika kadi ya benki mkononi. Nikamwambia, dada, shikamoo kwanza, halafu rudisha hiyo kadi kwenye pochi.

Nyumba ya zamani ina mashahidi. Unamuuliza mpangaji anayehama, unamuuliza jirani, unaona bati lilipovuja mwaka juzi. Nyumba mpya haina wa kuisemea. Hakuna aliyelala mle kukinyesha, hakuna aliyepika na kuoga mle asubuhi watu wote wakioga. Mpangaji wa kwanza ndiye anayeifanyia majaribio, tena kwa hela yake. Basi majaribio hayo uyafanye kabla ya kulipa.

Piga hesabu yote, si kodi tu

Dada alikuwa na 5,400,000 kichwani. Nikamwandikia nyuma ya bahasha: kodi ya miezi sita 5,400,000, dhamana ya uharibifu mwezi mmoja 900,000, dalali mwezi mmoja 900,000, na gharama za ulinzi, usafi na lifti, wenyewe wanaita sevisi chaji, 80,000 mara sita, yaani 480,000. Jumla 7,680,000, na godoro bado liko Mwanza.

Halafu apatimenti mpya huja uchi. Hakuna fimbo ya pazia hata moja. Tundu la kiyoyozi lipo, kiyoyozi hakipo. Waya wa taa unaning'inia bila taa. Dada alikuja kutumia 640,000 kwa fimbo, mapazia na feni mbili za dari, na hapo alinunua Kariakoo akabishana bei mpaka sauti ikakauka. Kabla ya kukubaliana muulize mwenye nyumba ni vitu gani ataweka yeye. Akikuahidi, ataje mwezi na tarehe.

Ukitajiwa bei kwa dola, kama ilivyozoeleka Masaki na Oysterbay, usione aibu kuuliza kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kuna kanuni za serikali zinazokataza bei za ndani ya nchi kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba anajua. Anasubiri tu kuona kama na wewe unajua.

Dalali mlipe baada ya kusaini mkataba na kushika ufunguo. Hela ya kuzungushwa kuonyeshwa nyumba, ile elfu kumi au ishirini, ni mambo yenu wawili. Ila ukifika ukakuta madalali watatu wamesimama getini na kila mmoja anasema mteja ni wake, waambie mapema kwamba udalali ni mmoja, wagawane wao.

Nenda usiku ukahesabu taa

Hili dada alidhani natania. Saa mbili usiku tulisimama ng'ambo ya barabara, kwa muuza chipsi, tukahesabu madirisha yenye taa. Jengo lina ghorofa sita, apatimenti nne kila ghorofa, jumla 24. Zilizokuwa na watu zilikuwa saba. Muuza chipsi akatuthibitishia bila kuulizwa: "Pale bado hapajachangamka."

Sasa hapo ndipo "haifiki jioni" ilipokufa. Jengo lenye apatimenti 17 tupu lina mwenye nyumba anayekosa usingizi, hasa kama alijenga kwa mkopo wa benki. Mwenye jengo jipya anataka watu, maana jengo lenye watu huvuta watu. Kwa hiyo usianze kwa kuomba kodi ishuke. Wengi hawapendi, kwa sababu wakikushushia wewe wapangaji wengine watasikia. Omba vitu visivyoonekana: kulipa miezi mitatu badala ya sita, kusamehewa sevisi chaji ya miezi ya mwanzo, kuchagua upande wa jengo, kuwekewa hita ya bafuni. Dada alipata miezi mitatu mitatu, na sevisi chaji ya miezi miwili ikafutwa. Bei ya kodi haikuguswa. Mzee mwenye nyumba alitabasamu kabisa tulipompa heshima hiyo.

Maji kwanza, mengine baadaye

Wakazi wa Dar tunajua mto Ruvu ulivyopungua maji Oktoba na Novemba 2022, mgao ukawa wa siku kwa siku. Watu wa maghorofani waliteseka kuliko wa chini, kwa sababu ndoo haipandi ngazi yenyewe. Kwa hiyo mimi naanzia juu ya paa kabla sijaangalia jiko.

Juu ya paa la lile jengo kulikuwa na simtanki mbili za lita 5,000. Dada akasema, mbona ni nyingi. Gawanya: lita 10,000 kwa apatimenti 24 ni kama lita 416 kila moja, yaani ndoo ishirini za lita ishirini. Siku maji ya bomba yasipotoka, familia ya watu wanne inayofua inazimaliza kabla ya jua kuzama, na jirani mwenye mashine ya kufulia hatakusubiri.

Nikamuuliza mlinzi kama kuna tangi lingine chini. Akatupeleka kwenye maegesho akainua mfuniko wa chuma. Lipo, kubwa, limejengwa vizuri, limepigwa plasta ya sementi safi. Tupu. Nyundo ya fundi mbao ilikuwa imelala kwenye kona, na pampu ilikuwa haijanunuliwa. Kwa hao wapangaji saba maji ya juu yalitosha, ndiyo maana kila mtu alikuwa anasifu. Tangi lile likaingia kwenye mkataba kwa jina lake: lijazwe na pampu ifungwe kabla ya mwisho wa Machi.

Ndani, fungua mabomba yote kwa pamoja, la jikoni, la sinki, la bafuni, kisha vuta choo. Bomba la bafuni likibaki na nguvu, vizuri. Lakini rudi tena saa kumi na mbili asubuhi ukajaribu upya, wakati wengine nao wanaoga. Mchana kila nyumba ina maji.

Halafu sabuni. Majengo mengi, hasa ya ukanda wa pwani kuanzia Msasani mpaka Mbezi Beach, yana kisima, na kisima cha pwani mara nyingi ni chumvi. Loweka mikono, sugua sabuni ya mche. Maji baridi yanatoa povu haraka na kuteleza. Ya chumvi yanakupa ute mweupe usioshika, na mikono inabaki kama imepakwa unga. Ukiwa hukubeba sabuni, angalia kichwa cha bomba la mvua kwenye apatimenti ambayo tayari ina mtu: ukoko mweupe kwenye vitundu vyake unakueleza yote. Maji hayo yataua hita na birika lako, na ya kunywa utanunua kila wiki.

Ndoo, gololi na sarafu

Hapa ndipo nilipozaliwa, niruhusu nikae kidogo.

Mwaga ndoo nzima ya maji kwenye sakafu ya bafu, mbali na tundu la kutolea maji, kisha simama usubiri. Dakika mbili zikipita maji yawe yamekwenda yenyewe. Yakikusanyika mlangoni au nyuma ya choo, fundi hakuweka mteremko, na hakuna dawa ya hilo isipokuwa kubomoa. Utakuwa unasukuma maji kwa mfagio maisha yako yote ya upangaji. Baada ya hapo nusa tundu lenyewe. Likitoa harufu ya chemba wakati nyumba ina miezi miwili tu, kuna bomba halikukaa sawa huko chini.

Gololi iweke katikati ya sebule. Ikitembea kidogo si kitu, sakafu za kwetu hazijawahi kuwa meza ya biliadi. Ikikimbia moja kwa moja mpaka ukutani na kugonga, uliza.

Sarafu gonga nayo vigae, kimoja kimoja, hasa njia ya kupita na pembeni mwa milango. Kigae kilichoshika kinalia mfupi, mzito. Kilicho na uwazi chini kinalia debe. Sababu naijua, na sitajisafisha: bosi akitaka jengo likabidhiwe kabla ya Krismasi, fundi anaacha kupaka gundi kigae kizima, anaweka madonge matano, manne kwenye pembe na moja katikati, anabandika, anasonga mbele. Kwa macho ni kazi safi. Ukiburuta kabati au ukidondosha mchi, kinapasuka, na dhamana yako ndiyo itakayokinunua. Mimi nimeshafanya hivyo mara moja, Desemba moja, na mpaka leo nikipita karibu na lile jengo naangalia upande wa pili wa barabara. Vigae viwili vitatu vyenye mlio wa debe si sababu ya kuikataa nyumba. Vipige picha, viandike kwenye orodha ya makabidhiano, mwenye nyumba asaini. Kwa dada tulikuta kumi na moja, tisa vikiwa kwenye korido moja.

Ufa nao una lugha. Ufa mwembamba kama unywele uliojichora kwenye plasta ni plasta kukauka, usikunyime usingizi. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kulala mshazari, unaopokea ukucha, na ukitoka nje unauona umetokea upande wa pili wa ukuta, huo si wa rangi. Mtaani tunakumbuka jengo la ghorofa nyingi lililoanguka Machi 2013 Mtaa wa Indira Gandhi likiwa bado linajengwa, na la Kariakoo la Novemba 16, 2024. Kwa hiyo muulize mwenye nyumba mkandarasi alikuwa nani, kisha uhakikishe kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi kama ameandikishwa. Wakati wa ujenzi kunakuwa na bango getini lenye majina yote. Likishang'olewa, mlinzi au mama ntilie aliyekuwa anawapikia mafundi mara nyingi analo kwenye picha za simu yake. Sisi mafundi hupenda kupiga picha hapo.

Sasa mvua. Februari kila nyumba ya Dar ni kavu, hata yenye paa la matundu. Masika yakija Machi ndipo utajua. Chukua kikombe cha maji umwage kwenye reli ya chini ya dirisha la alumini. Reli nzuri ina vitundu vinavyotoa maji nje. Vikiwa vimezibwa na sementi au silikoni, maji yatapanda na kuingia ndani, na mvua ya upepo ikipiga utalala na mataulo dirishani. Madirisha matatu ya dada yalikuwa yamezibwa. Fundi alumini aliyazibua kwa nusu saa, lakini nusu saa hiyo ilipatikana kirahisi kwa sababu hela ilikuwa bado haijatoka. Mtaani pia uliza: maji ya barabarani hufika wapi mvua ikikolea? Mikocheni na Msasani kuna mitaa ambayo gari dogo halitoki. Dereva wa bodaboda atakuambia ukweli kuliko dalali.

Joto likague saa kumi jioni, si asubuhi. Apatimenti tuliyoonyeshwa ilikuwa upande wa machweo. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba kikubwa kwa ndani, ulikuwa kama mgongo wa mtu mwenye homa. Ya upande wa pili, inayotazama mashariki, bei ile ile, ilikuwa na upepo wa bahari mpaka nikakaa chini. Dada akahamia huko. Huko nako kulikuwa na kiwanja kitupu kando, dalali anakisifu kama bustani. Kwa Dar kiwanja kitupu ni ghorofa la mwakani. Tukapima kwa macho, dirisha la sebule likawa limeelekea barabarani, tukaridhika.

Chaja ya simu ni ya soketi, zote, moja moja. Na ukiwa ndani, milango imefungwa, piga simu. Kuna kuta nene ambazo mtandao hauvuki, na utakuwa mtu wa kusimama baraza la nyuma ukiongea na bosi.

Lifti: muulize mlinzi genereta linawasha nini. Tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha umeme mwaka 2024 mgao tuliouzoea umepungua, lakini kukatika kwa saa mbili kupo. Majengo mengine genereta ni la taa za ngazi tu. Kama unaishi ghorofa ya tatu utapanda. Kama ni ya sita na una mtoto mgongoni, fikiri.

Unasaini na nani

Mtu anayekuonyesha nyumba, anayeshika funguo na anayepokea hela wanaweza kuwa watu watatu, na hakuna hata mmoja mwenye jengo. Omba kuona hati ya kiwanja na kitambulisho cha anayesaini. Majina yakitofautiana, aonyeshe maandishi ya kumpa mamlaka. Jina lililoko kwenye mkataba ndilo liwe jina la akaunti ya benki unakoweka kodi. Ukiambiwa utume kwenye namba ya simu ya shemeji, simama hapo. Mkataba uwe wa Kiswahili kama ndiyo lugha mnayogombania, na upelekwe serikali ya mtaa mwenyekiti aweke mhuri. Anakuwa ameshakufahamu, na siku ukihitaji barua ya utambulisho huendi kama mgeni.

Ndani yake viwepo: nani anatengeneza nini, dhamana inarudi ndani ya siku ngapi, kodi haipandi kwa muda gani, na sevisi chaji inalipia vitu gani kwa majina, pamoja na gari la kunyonya shimo la maji taka. Kwa jengo jipya ongeza moja ambalo watu hulisahau: kodi ianze kuhesabiwa siku ambayo maji na umeme vipo na mafundi wametoka ghorofa ya juu yako. Mimi ndiye yule fundi wa ghorofa ya juu. Grainda ya kukata vigae huanza saa mbili asubuhi, na vumbi lake linaingia hata kwenye sukari.

Mwisho kabisa, LUKU

Kwanza, mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako. Mkichangia mita moja nyumba tatu, ile bei nafuu ya mtumiaji wa chini ya uniti 75 kwa mwezi msahau, na kila mwezi mtagombana nani ana friji kubwa. Pili, angalia deni. Kodi ya jengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, na kwenye mita ambayo haijanunuliwa umeme kwa muda huwa inajilimbikiza, unanunua umeme wa elfu tano unapata kiduchu. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, zungumza naye ikatwe kwenye kodi yako ya pango.

Tatu, jaribio ambalo mafundi umeme walinifundisha. Nunua umeme wa elfu mbili, ingiza, kisha zima swichi kuu ya apatimenti yako yote. Nenda kwenye mita uangalie kile kitaa chekundu kinachopepesa. Kwa kuwa ndani hakuna kinachowaka, kinatakiwa kitulie.

Cha dada hakikutulia. Kilipepesa taratibu, kikapumzika, kikapepesa tena. Dada akasema labda ni mbovu. Nikamwomba mlinzi azime taa za korido ya ghorofa ya tatu. Kitaa kikapunguza kasi. Akaziwasha, kikaongeza. Nikateremka mwenyewe kwenye boksi la swichi la getini, nikazima taa za getini, kikapungua tena. Miezi miwili yote mita ya apatimenti tupu ilikuwa inamulika korido na geti, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyekuwa anaishi mle.

Mzee mwenye nyumba alipoitwa alikuja na kandambili, akatazama mita, akatazama taa, akasema, "Basi ndiyo maana mlinzi hajawahi kuomba hela ya umeme." Fundi wake alihamisha waya jioni ile ile. Dada alitoa kodi kesho yake saa nne, benki, akiwa na orodha ya vigae kumi na moja mkobani.